Rafu Hujazwa kwa Fedha za Nani

Mkazi wa Dar es Salaam mwenye kipato cha wastani hununua vitu vyake sehemu tatu zisizofanana. Sabuni, maziwa ya boksi na karatasi za chooni huvichukua supamaketi. Dengu, hiliki, bizari nyembamba na mchele wa biriani huvifuata kwenye duka la Mhindi, Kisutu au Mtaa wa Indira Gandhi. Zawadi ya mgeni anayerudi kwao huitafuta Mwenge, kwenye vibanda vya vinyago. Ukimuuliza sehemu hizo zinatofautiana nini, atataja bei, usafi, maegesho ya gari, na kama mtu anaruhusiwa kupatana. Tofauti kubwa kuliko zote hataitaja, kwa kuwa mnunuzi haioni: ni nani kati ya mzalishaji, mwenye duka na mteja anayekaa akisubiri fedha yake. Anayesubiri ndiye anayegharimia rafu, hata kama jina lake halimo kwenye bango la mlangoni.

Msimamo wangu ni huu. Supamaketi za Afrika Mashariki zimekua, na nyingine kubwa zimekufa, kwa fedha za wazalishaji na wasambazaji wanaosubiri. Duka la Mhindi limedumu zaidi ya karne moja kwa sababu mwenyewe ndiye anayesubiri. Soko la vinyago limedumaa kwa sababu anayesubiri ni mchongaji, ambaye ana uwezo mdogo wa kusubiri kuliko wote. Tukiendelea kujadili biashara ya rejareja kwa kuangalia sura ya duka, au uraia wa mwenye duka, tutaendelea kutibu pasipouma.

Mimi suala hili nimelijulia kwenye madaftari ya hesabu. Kazi yangu ni kuwashauri wasindikaji wadogo: watu wa asali, siagi ya karanga, unga wa lishe, achari ya embe. Karibu kila anayekuja ana ndoto ya kuona bidhaa yake ndani ya supamaketi, na naielewa. Rafu ile yenye taa ni cheti cha heshima. Ukishaingia pale, hata benki inakusikiliza vizuri zaidi. Lakini tuifanyie hesabu. Chukulia mama anayetengeneza siagi ya karanga, chupa 1,000 kwa mwezi. Karanga, chupa, lebo, umeme na vibarua vinamgharimu shilingi 3,000 kwa chupa, naye anaiuzia supamaketi kwa 3,600. Makubaliano ni kulipwa baada ya siku 90. Ina maana kwamba kabla hajaona shilingi ya kwanza, atakuwa ameshapeleka mzigo wa miezi mitatu, na shilingi milioni 9 za mtaji wake zimelala kwenye duka la mtu mwingine. Kwa kuwa hana milioni 9, anakopa. Akipata mkopo wa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kila chupa inabeba riba ya shilingi 270 kabla haijalipwa. Faida yake ilikuwa 600. Karibu nusu imekwenda, na bado hatujagusa chupa zilizorudishwa kwa kuharibika, punguzo la sikukuu ambalo yeye ndiye analibeba, wala posho ya kijana anayetakiwa kumtuma akapange bidhaa rafuni.

Na siku 90 ni ahadi tu. Siku ya 91 anaambiwa, "Mama, mhasibu amesafiri, rudi Ijumaa." Anarudi Ijumaa. Wengi niliowashauri waliacha kwenda, wakaendelea kupeleka mzigo huku wakiogopa kwamba ukidai sana, bidhaa yako itahamishiwa rafu ya chini kabisa, karibu na sakafu.

Geuza sasa ukurasa uone upande wa pili. Supamaketi yenye kuchukua mzigo wa shilingi bilioni 1 kwa mwezi, ikauza kwa wastani wa siku 15 na kulipa baada ya siku 90, inakaa na fedha za wenzake kwa siku 75. Hizo ni kama bilioni 2.5 zilizomo mkononi mwake muda wote, bila riba na bila dhamana. Benki gani itakupa mkopo wa namna hiyo? Kwa fedha hizo hufunguliwa tawi jipya. Tawi jipya linajazwa mzigo wa mkopo kutoka kwa wasambazaji wale wale na wengine wapya, na fedha ya mauzo yake inafungua tawi la tatu. Mradi mauzo yanapanda, kila ankara ya zamani inalipwa kwa mauzo ya mzigo mpya. Mpango huu si wizi. Makampuni makubwa ya Ulaya yanauishi kila siku, na biashara yoyote ya rejareja inahitaji kiasi fulani cha mkopo wa mzigo. Hatari inaanza pale fedha ya muda mfupi inapomwagwa kwenye mambo ya muda mrefu: majokofu, majengo, matawi ya nchi jirani. Mauzo yakishuka kwa asilimia chache tu, jokofu halirudi kuwa fedha, na foleni ya wadai inaonekana barabarani.

Historia ya eneo letu inasomeka vizuri kwa kipimo hiki. Supamaketi ya Uchumi ilianzishwa Kenya mwaka 1975 kwa mkono wa serikali, na sehemu ya lengo lake ilikuwa kuwapa wazalishaji wa ndani mahali pa kuuzia. Mwaka 2006 ilifunga milango, ikainuliwa tena, ikavuka mipaka, na Oktoba 2015 ikaondoka Tanzania na Uganda ikiwaacha wasambazaji na ankara mikononi. Nakumatt, iliyoanzia Nakuru kwenye biashara ya magodoro, ilifikisha matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Mwaka 2014 ilinunua maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Januari 2018 mahakama ya Kenya ikaiweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Tuskys ikafuata, ikaanza kuporomoka mwaka 2020. Majina matatu, tabia moja: matawi yalikuwa yakiongezeka huku siku za kumlipa msambazaji zikirefuka. Mtu akiniuliza dalili ya kwanza ya supamaketi inayokufa, sitamwambia aangalie rafu tupu. Rafu tupu ni dalili ya mwisho. Ya kwanza ni mhasibu anayesafiri sana.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi, nalo linaniudhi zaidi. Tumezoea kulalamika kwamba supamaketi zimejaa bidhaa za nje: juisi ya Afrika Kusini, biskuti za Uarabuni, hata asali ya Ulaya. Tunadhani sababu ni ubora au kasumba ya wateja. Fikiria lakini namna mizigo hiyo inavyoingia. Muuzaji wa nje, mara nyingi, hapakii kontena mpaka alipwe, au mpaka apate barua ya dhamana kutoka benki. Msindikaji wa Mbezi au Singida anapakia kwa ahadi. Kwa hiyo fedha iliyopatikana kwa kuuza asali ya Singida, kabla mwenye asali hajalipwa, ndiyo inayotumika kulipia mzigo wa nje unaokaa naye bega kwa bega. Mzalishaji wa ndani anamkopesha mshindani wake. Kampeni ya kupenda bidhaa za nyumbani haiwezi kushinda mpango wa fedha uliosukwa hivyo.

Watu husema supamaketi zetu zilianguka kwa kuwa Mswahili hapendi supamaketi, anapenda genge. Sikubaliani. Ni kweli sehemu kubwa ya watu wetu hununua kwa kipato cha siku: mafuta ya kula ya kupimiwa, sukari robo, sabuni ya kipande, na duka la jirani linalokopesha mpaka mwisho wa mwezi. Supamaketi haiwezi kufanya hivyo. Lakini katika soko hilo hilo lililoiua Nakumatt, Naivas ilikua. Nayo imeanzia mkoa ule ule wa Bonde la Ufa, kwa familia ya kawaida, ikachukua matawi ya mwisho ya Nakumatt, kisha ikaingiza wenye hisa kutoka nje, wakiwamo IBL wa Mauritius mwaka 2022. Mteja ni yule yule. Kilichotofautiana ni chanzo cha fedha za kukulia: mmoja aliuza hisa, mwingine aliwakopa wauza maziwa.

Sasa tuingie duka la Mhindi. Nalitaja kwa jina ambalo mtaa umelipa, ingawa wenye maduka hayo wengi ni raia wa vizazi vitatu na vinne, na pembeni yao siku hizi yako maduka ya Wachina yenye tambi, mchuzi wa soya na uyoga mkavu. Nenda Kisutu, au Marikiti ya Mombasa, au Diamond Plaza pale Parklands, Nairobi. Utakuta magunia yaliyofunguliwa mdomo: choroko, dengu, kunde, giligilani, dalasini ya magome. Unapimiwa robo mbele ya macho yako. Bidhaa ni chache kuliko za supamaketi kwa mbali, lakini kila moja inatoka haraka. Mwenye duka ameinunua kwa jumla, mara nyingi kwa fedha taslimu, akapata bei ya anayelipa taslimu. Nyuma ya duka hakuna idara ya manunuzi wala ya masoko. Kuna kaka, shemeji na mtoto aliyetoka shule. Akibadilisha mzigo wake wote mara moja kila wiki mbili, faida ndogo kwa kila kilo inamtosha, kwa maana mtaji ule ule umefanya kazi zaidi ya mara ishirini kwa mwaka.

Hapo ndipo panapozaliwa maneno kwamba Mhindi ana siri yake. Nimeyasikia tangu utotoni, na yamefanya madhara. Kama kuna siri, iko wazi katika vitabu vya historia. Allidina Visram, aliyekuja pwani hii kutoka Kachi katika karne ya 19 na kufariki mwaka 1916, alijenga mlolongo wa maduka kuelekea bara kando ya reli ya Uganda, na mbinu yake kubwa ilikuwa kuwapa wafanyabiashara wadogo mzigo, wakauze, ndipo walipe. Mali kauli, kama wanavyosema Kariakoo. Lakini angalia mwelekeo wake: mkubwa ndiye aliyemkopesha mdogo. Kisha ikaja taasisi. Mwaka 1946, Aga Khan wa Tatu alipopimwa kwa almasi hapa Dar es Salaam katika jubilei yake, fedha zilizochangwa zilitumika kuanzisha mfuko wa uwekezaji wa kuikopesha jumuiya yake mitaji na nyumba. Mfuko huo ndio chimbuko la Diamond Trust Bank ya leo. Mtu mwenye nyuma yake chombo cha kumkopesha kwa masharti nafuu anaweza kununua taslimu, na mwenye kununua taslimu anaweza kusubiri mteja wake. Damu na ukoo havina nafasi katika maelezo hayo. Mchagga, Mpemba na Mkinga waliofanikiwa Kariakoo wamefanya jambo hilo hilo kwa njia zao: ndugu mmoja anamjazia mwingine duka, naye anarudisha taratibu.

Sisemi maduka haya hayana lawama. Yapo yanayouza bila kutoa risiti ya mashine, yapo yanayolipa wapimaji na wabebaji mshahara wa kusikitisha, na mizani mingine ingefaa kutembelewa na Wakala wa Vipimo mara nyingi kuliko inavyotembelewa. Wala kulipa taslimu hakumlindi mkulima peke yake. Mbaazi zinaonyesha vizuri. Tunazilima Lindi, Mtwara na Manyara, na soko lake kubwa ni India, ambako hukobolewa na kupasuliwa kuwa dali. Agosti 2017 serikali ya India ilipoweka ukomo wa kuziingiza, bei mashambani ilianguka vibaya sana, na wakulima wengine waliziacha shambani kwa kuwa kuzivuna kungewagharimu zaidi. Wakati huo huo, pakiti ya dali iliyopakiwa Bara Hindi iliendelea kuuzwa katikati ya Dar es Salaam. Mwenye duka hakulaumika kwa lolote, aliuza kilicholetwa. Sisi ndio hatukuwa na viwanda vya kutosha vya kukoboa, na msindikaji ambaye angekijenga kiwanda hicho ndiye yule ambaye milioni zake zimelala supamaketi.

Tanzania iliwahi kujaribu kuondoa duka binafsi kabisa. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa kufungwa, nafasi zao zishikwe na maduka ya ushirika. Nia ilikuwa kumwondoa mlanguzi. Kilichoondoka pamoja naye ni mtaji wake wa kusubiri: ule uwezo wa kununua mzigo leo na kuuweka mpaka mwanakijiji apate fedha. Duka la ushirika halikuwa na mtaji huo, amri ikalegezwa, na wenye umri wangu wanakumbuka jinsi foleni za sukari zilivyokuwa miaka iliyofuata. Nalitaja hili kwa sababu tumerudi kukaribia kosa lile kwa mlango mwingine. Amri ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo jumla na rejareja, pamoja na maduka ya vinyago na kumbukumbu za watalii. Naelewa uchungu uliozaa amri hiyo. Machinga wa Kariakoo aliyekuta mgeni amepanga meza ya bidhaa ileile mbele yake hakuwa na kinga yoyote, na Nairobi wafanyabiashara waliandamana mwaka 2023 kwa sababu kama hiyo, baada ya duka la China Square kufunguliwa. Lakini tazama kilichoachwa: supamaketi hazimo katika katazo. Mahali ambapo mzalishaji wa Kitanzania anasubiri fedha yake muda mrefu kuliko popote, amri haikugusa. Na katika maduka ya vinyago, kubadilisha mwenye kibanda kutoka mgeni kuwa raia hakutabadilisha chochote kwa mchongaji kama bado analipwa kikishauzwa.

Tufike basi Mwenge, nami nikae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kusubiri kunapouma zaidi na ndipo tunapopajadili kijuujuu kabisa. Mnunuzi akiingia kwenye vibanda anadhani anazungumza na mchongaji. Wachache ni wachongaji kweli, na nyuma ya baadhi ya vibanda utasikia tezo na patasi zikifanya kazi. Wengi ni wauzaji. Kinyago kimeletwa na mtu wa pembezoni mwa jiji, au kimesafiri kutoka Mtwara, kikaachwa kwa mali kauli. Chukulia wamekubaliana shilingi 40,000 za mchongaji. Mtalii analetwa na dereva au mwongozaji, anatajiwa 120,000, anakumbuka alivyoshauriwa kwamba lazima apatane, na baada ya nusu saa anatoa 70,000. Anaondoka akijiona shujaa. Dereva anarudi baadaye kuchukua kamisheni yake, tuseme 20,000. Zimebaki 50,000, na kuna pango, ushuru na chakula cha siku. Mchongaji akija mwezi wa pili anaambiwa biashara ilikuwa mbaya, chukua 25,000. Hana pa kwenda. Alikuwa hayupo wakati wa kupatana, hajui kiliuzwa kwa ngapi, na hana kipande cha karatasi.

Kwa hiyo mabishano kwamba kupatana ni haki ya mnunuzi au ni dhuluma kwa fundi yanakosa shabaha. Punguzo halimwangukii unayepatana naye. Linamwangukia asiyekuwapo. Na bei ya juu nayo haimfikii asiyekuwapo. Nawaambia rafiki zangu wanaowaleta wageni: mkitaka fedha ifike kwa fundi, muulizeni muuzaji nani amechonga, na kama fundi yupo nyuma, nendeni mkamlipe yeye mwenyewe, hata kwa simu. Kama hayupo, nunueni mahali penye kumbukumbu za fundi.

Mahali hapo pako. Wachoraji wa Tingatinga, warithi wa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga aliyefariki mwaka 1972, walisajili ushirika wao mwaka 1990 pale Oysterbay, na mnunuzi anaweza kukaa akamtazama mchoraji akipaka rangi ubao anaoununua. Wakamba wa Kenya wana historia ndefu zaidi ya ushirika. Uchongaji wa biashara huko Wamunyu unahusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa mafundi wa Tanganyika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Ushirika wa Akamba pale Changamwe, Mombasa, umekuwapo tangu miaka ya 1960, kila mwanachama ana namba, na kitu kikiuzwa katika duka la ushirika, namba iliyo chini yake inaonyesha nani alipwe. Namba tu, imeandikwa kwa kalamu. Hicho ndicho kinachokosekana katika vibanda vingi vya Dar es Salaam, Arusha na Unguja.

Namba hiyo ina faida ya pili ambayo wengi hawajaiona: mti. Fundi anayelipwa 25,000 baada ya miezi miwili hawezi kuchagua gogo. Anachukua mpingo mchanga, au mpingo uliokatwa bila kibali, kwa kuwa ndio wa bei anayoiweza, na anachonga vitu vidogo vya kutoka haraka: faru, twiga, bakuli la saladi. Misitu ya muhugu ya Kenya ilishaumizwa hivyo, mpaka wachongaji wakashawishiwa kuhamia mwarobaini na mwembe. Hapa kwetu vijiji vya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu yao ya jamii yenye mpingo, jambo kubwa lililopaswa kuimbwa. Mpingo uliovunwa kwa utaratibu una gharama, na gharama hiyo inataka fundi anayelipwa mkononi. Kuna woga pia miongoni mwa wauzaji tangu Januari 2017, mkataba wa CITES ulipoiingiza jamii nzima ya Dalbergia, pamoja na mpingo, kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa. Wageni husikia hivyo wakaogopa kununua. Kwa kanuni zilizorekebishwa mwaka 2019, vitu vilivyokamilika vyenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja vimeondolewa kwenye masharti hayo. Kinyago cha mezani hakifiki huko. Muuzaji anayejua hili angeuza zaidi bila kupunguza senti.

Tufanye nini? Kwa supamaketi, nataka ukomo wa siku za malipo uandikwe katika sheria, waziwazi, kwa namba. Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo mwaka 2019: vyakula vinavyoharibika haraka vilipwe ndani ya siku 30, vingine ndani ya 60. Kenya iliingiza matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi katika sheria yake ya ushindani mwaka 2016, na haikuifunga sheria hiyo kwa kampuni zilizotawala soko peke yake. Jambo hilo ni la msingi. Supamaketi yenye asilimia ndogo ya rejareja yote ya nchi haitawali soko, lakini kwa mama wa siagi ya karanga inatawala maisha yake. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini humo faini ya takribani shilingi bilioni 1.1, kutokana na malalamiko ya wasambazaji wawili, wa mafuta ya kula na wa asali. Miongoni mwa yaliyotajwa ni makato, kulipishwa ili bidhaa ziingie, na kutakiwa kupeleka wafanyakazi wao wakahudumu dukani. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 ilijengwa juu ya wazo la kampuni yenye nguvu kubwa katika soko zima. Tume ya Ushindani ipewe maneno ya kumshika mnunuzi anayemkalia msambazaji mdogo, hata kama katika soko zima ni wa kati.

Wapo watakaosema sheria ya namna hiyo itapandisha bei kwa mlaji. Kwa kiasi fulani, ndiyo, itapandisha, katika maduka yaliyokuwa yakiuza rahisi kwa fedha za wengine. Naona ni bei ya haki. Mlaji ameshailipa kwa njia nyingine kila mara supamaketi inapofungwa usiku mmoja na viwanda vidogo vikafungwa nyuma yake.

Wasindikaji nao wana la kufanya kabla sheria haijaja, na hapa nawasema kwa upendo. Usimpe mnunuzi mmoja zaidi ya theluthi moja ya mzigo wako. Theluthi nyingine iende kwenye maduka ya Kisutu na Kariakoo, ambako utabanwa bei lakini utaondoka na fedha. Andika tarehe ya malipo kwenye hati ya kupokelea mzigo, ipigwe muhuri. Ankara iliyokubaliwa inaweza kuuzwa kwa taasisi ya fedha ikakupa sehemu kubwa ya thamani yake mapema. Ni ghali, lakini mara nyingi ni nafuu kuliko mkopo wa mtaani. Na SACCOS za wasindikaji zijengwe kwa shabaha hiyo hasa, ya kununua ankara za wanachama, badala ya kukopesha sherehe na ada za shule peke yake. Hapo ndipo tutakapokuwa na mfuko wetu, kama wenzetu walivyokuwa na wao mwaka 1946.

Kwa vinyago, sihitaji sheria mpya. Nahitaji daftari. Chama cha wachongaji na wenye vibanda wakubaliane juu ya stika yenye namba ya fundi, aina ya mti na bei ya fundi, ile isiyoguswa na kupatana. Mnunuzi apatane juu ya kinachobaki, cha muuzaji na cha dereva, kwa kadiri anavyotaka. Kitu kikiuzwa, bei ya fundi itumwe kwa simu siku hiyo hiyo, na ujumbe wa malipo uwe ndiyo risiti. Wauzaji wakubwa watakataa mwanzoni, kwa kuwa mtaji wao ni mchongaji asiyejua kiliuzwa kwa ngapi. Basi tuanze na mafundi wenye majina, wale ambao wageni huwaulizia; muuzaji atakayekataa stika yao atakosa kazi zao, na kazi zao ndizo zinazomsimamisha mtalii mlangoni.